Tezi ambayo haikuwepo

Ilikuwa saa nne na nusu usiku nilipoweka koleo chini na kuondoa macho kwenye hadubini.

Kombe lilikuwa limelala pembeni mwa kisahani, vipandevipande. Mwenye kombe alikuwa Oxymeris maculata, konokono mkubwa kuliko wenzake wote wa familia ya Terebridae, ambaye kombe lake jembamba lenye ncha linaweza kufikia sentimita 25. Alikuwa wa kwanza wa familia hiyo kupita chini ya kisu changu. Nilikuwa natafuta tezi ya sumu.

Kwa konokono koni, ambao nimewapasua kwa miaka, tezi hiyo huitafuti. Unachana joho, ile ngozi laini inayolijenga kombe, unafungua ukuta wa mwili kwa juu, na mrija mrefu wa rangi ya maziwa unafumuka wenyewe, umejikunjakunja kama uzi ulioachiwa ovyo, mwisho wake mmoja ukiwa umeshikana na kifuko kinene cha misuli. Anayeanza kazi leo atauona.

Humu haukuwemo.

Nilidhani nimeukata bila kujua. Nikapekua spiriti ya kwenye kisahani nikitafuta kipande kilichoponyoka. Nikatafuta kifuko cha misuli, maana tezi ni laini na huchanika, lakini kifuko ni kigumu na hakipotei hivihivi. Hakikuwepo. Nikatafuta radula, ule ukanda wa meno ambao konokono karibu wote wanao. Haikuwepo nayo. Umio ulitoka mdomoni ukaenda zake tumboni bila kutoa tawi lolote.

Nikamtoa wa pili kwenye chupa ileile. Hali ikawa ileile.

Kisha nikafanya jambo ambalo limenikaa moyoni wiki sita sasa. Nilichukua penseli, na kwenye lebo, baada ya jina la familia, nikaweka alama ya kuuliza.

Keekee isiyotoboa

Alama ile haikutoka hewani. Ilitoka kwenye imani ambayo sikuwahi kuikagua: kwamba kiungo kikubwa cha mwili ni kama jina la ukoo. Aliye nacho ni wa nyumba hii, asiye nacho ni mgeni.

Imani hiyo ilikuja kama dawa ya ugonjwa wa zamani, yaani kuwapanga konokono kwa makombe yao. Terebra, jina lililozaa Terebridae, kwa Kilatini ni keekee, ile ya seremala, na mtaalamu wa Kifaransa Bruguière alilitumia jina hilo mwaka 1789 kwa sababu ya umbo tu. Konokono hawa hawatoboi chochote. Wanaotoboa ni wengine kabisa, nitawafikia. Kabla yake Linnaeus, mwainishaji wa Kiswidi, alikuwa amewaweka katika jenasi ya Buccinum, pamoja na konokono ambao leo hatuwaoni kuwa ndugu zao wa karibu: maculata mwaka 1758, na mwenzake subulata mwaka 1767.

Siwezi kuwalaumu. Kombe ndilo linalofika ufukoni, na ndilo linalobaki kwenye mwamba miaka milioni kadhaa baada ya nyama kuoza. Lakini kombe linajengwa na joho, na hutengenezwa upya na maisha anayoishi mwenyewe. Wanaojichimbia mchangani hufaidika na umbo refu jembamba, hata kama baba zao hawakuwahi kukutana.

Kwa hiyo tuliofundishwa uainishaji tulifundishwa kutoliamini kombe. Tuliambiwa: mfungue.

Hatukuambiwa kwamba na kilichomo ndani kinaweza kutupoteza.

Ulimi wa meno

Katikati ya karne ya 19, mtaalamu wa Kijerumani Franz Hermann Troschel aliwapanga konokono kwa radula zao. Lilikuwa wazo zuri, na bado nalipenda. Meno ya radula yapo kwa safu, umbo lake halibadilikibadiliki ndani ya spishi, na mtu anaweza kuyaosha kwa dawa ya kung'arisha nguo mpaka nyama yote iishe yabaki meno matupu yanayometa. Wenye meno kama sindano wakawa kundi moja, Toxoglossa, jina la Kigiriki lenye upinde na ulimi ndani yake. Leo tunawaita Conoidea: konokono koni, konokono keekee, na umati mkubwa wa wadogo ambao kwa muda mrefu walirundikwa chini ya jina moja la Turridae.

Jino la konokono koni ni kitu ambacho sijakizoea hata leo. Ni karatasi ngumu ya kitini iliyoviringishwa ikawa mrija, yenye ncha kali na mara nyingi ndoano. Hatumii safu nzima. Anachukua jino moja kutoka kwenye ala, analipeleka mpaka ncha ya mkonga wake, anajaza sumu, anachoma. Jino likishatumika limekwisha kazi. Conus geographus anakamata samaki kwa njia hiyo, na ameshaua watu.

Wapo ndugu zao ambao hawajafika huko. Drilliidae wana meno matano kwa kila safu, yote yameshikamana na utando, tena wana tezi ya sumu. Ukiwaweka kwenye mstari, meno matano, kisha mawili, kisha sindano moja iliyo huru, unapata ngazi. Chini ni wa kale, juu ni koni. Nimeichora ngazi hiyo ubaoni mbele ya wanafunzi zaidi ya mara moja.

Ngazi hiyo ina tatizo.

Mwaka 1991 Yuri Kantor wa Moscow na John Taylor wa London walionyesha kwamba hata wale ambao meno yao bado yamefungwa kwenye utando hung'oa jino moja moja na kulishika kwenye ncha ya mkonga, sawa na koni anavyofanya na sindano yake. Yaani kuchoma kulikuwepo kabla ya sindano. Mrija ndani ya jino ulikuja baadaye, kuboresha kazi iliyokwisha kuanza.

Niliposoma hilo mara ya kwanza nililiona kama jambo dogo la kupendeza. Wiki hizi sita limekua. Kama tabia ilikuwepo kwa wote, basi kila tawi lilikuwa na sababu ileile ya kulisukuma jino kuelekea umbo la sindano. Na jambo lenye sababu ileile linaweza kutokea zaidi ya mara moja.

Mwaka 1993

Taylor, Kantor na Alexander Sysoev walifanya kazi ambayo kila anayegusa konokono hawa lazima aipitie. Hawakutazama kombe wala jino peke yake, walitazama njia yote ya mbele ya chakula: midomo, mkonga, misuli ya kuurudisha, mahali kifuko cha kinywa kilipo, tezi za mate, tezi ya sumu. Kazi hiyo haifanyiki kwa kisu tu. Konokono analainishwa kombe kwa asidi, anakaushwa kwa spiriti hatua kwa hatua, anazamishwa kwenye nta, kisha anakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, mamia kwa mamia, kila kimoja kinapakwa rangi na kuwekwa kwenye kioo. Halafu unamjenga upya kichwani mwako, kipande baada ya kipande.

Walitoka na familia sita. Conidae, familia ya konokono koni, ilipanuka ikawameza wengi wa wale wadogo wenye sindano. Na konokono keekee wakagawanywa: wenye sindano na tezi wakabaki Terebridae, na baadhi ya wasio na tezi, wenye meno yaliyojaa yasiyo na mrija, wakawekwa familia yao, Pervicaciidae.

Hapo ndipo alama yangu ya kuuliza ilipozaliwa, ingawa sikujua. Nilikuwa nimekariri mantiki bila kukariri mipaka yake.

Mtoto wa nyoka

Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, na maana yake ni kwamba asili haifutiki.

Mwaka 2009 Mandë Holford na wenzake walichapisha mti wa ukoo wa Terebridae uliojengwa kwa DNA. Juu ya mti huo waliweka anatomia: nani ana tezi ya sumu, nani hana. Kama kukosa tezi kungekuwa alama ya ukoo mmoja, wasio nayo wangekaa pamoja kwenye tawi moja. Hawakukaa. Walitawanyika, na matawi yenye sumu yalikuwa katikati yao. Maelezo pekee yanayokubalika ni kwamba mhenga wao alikuwa na sumu, na uzao wake uliipoteza, si mara moja, bali angalau mara mbili. Kazi zilizofuata, zikiwa na spishi nyingi zaidi, zimeongeza hesabu hiyo.

Oxymeris maculata yumo miongoni mwa walioipoteza. Terebra subulata, ambaye kombe lake ungeliweka kabati moja na lake bila kusita, anayo tezi na sindano zake kamili.

Nilibaki nikitazama mchoro ule muda mrefu. Mtoto wa nyoka alikuwa ameketi mbele yangu kwenye spiriti, hana jino, hana sumu, na ni nyoka bado.

Sasa, haki itendeke kwa akina Taylor. Wale Pervicaciidae wao hawakuwa njozi. Katika uainishaji wa mwaka 2020 wamo, kama familia ndogo ya Pervicaciinae ndani ya Terebridae, tawi halisi lenye ndugu halisi. Anatomia ilikuwa imeliona tawi. Ilichokosea ni mahali lilipoota: ilidhani liko nje ya nyumba, kumbe ni chumba kimojawapo. Na haikuweza kuona kwamba Oxymeris, naye asiye na tezi, anaingilia mlango mwingine.

Tofauti hiyo imenikaa kuliko kitu chochote nilichosoma mwaka huu. Kuwa na kiungo kigumu, chenye sehemu nyingi zinazotegemeana, ni jambo linalohitaji historia ndefu, na wawili wakiwa nacho kwa namna ileile, sehemu kwa sehemu, inafaa kuwadhania ndugu. Kukosa hakuhitaji historia ndefu hivyo. Kuna njia elfu za kukosa na zote zinaonekana sawa kwenye kisahani. Umio mtupu ni umio mtupu.

Mimi nilikuwa nimeuhesabu utupu kama kiungo.

Matundu mawili

Nilipofika hapo nilijifariji: basi tuchukue viungo vilivyopo tu, tuache vinavyokosekana. Faraja hiyo ilidumu siku nne hivi, mpaka nilipowakumbuka watoboaji.

Ukiokota kombe la chaza lenye tundu moja la duara safi, mwuaji ni mmoja wa wawili. Ukingo ukiwa umemegwa kwa mteremko kuelekea ndani kama bakuli, mara nyingi ni konokono wa familia ya Naticidae. Ukiwa karibu wima kama kisima, mara nyingi ni wa Muricidae. Wote wawili hutoboa kwa kazi mbili zinazopokezana: radula inakwangua, kisha kiungo maalumu kinawekwa juu ya tundu na kutoa majimaji yanayolainisha chokaa. Radula tena, kiungo tena. Inachukua saa nyingi, wakati mwingine siku. Melbourne Carriker alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulielewa jambo hilo.

Kazi ni moja na kemia inakaribiana. Mtu angesema ni ndugu.

Lakini kile kiungo cha kulainisha, kwa Naticidae, kiko kwenye mdomo wa chini wa ncha ya mkonga. Kwa Muricidae kiko kwenye wayo, sehemu ya mbele ya mguu. Hakuna mhenga anayehamisha kiungo kutoka mdomoni kwenda mguuni. Vimezuka mara mbili, kila kimoja mahali pake, katika matawi mawili yaliyoachana zamani sana.

Hapa anatomia yenyewe ndiyo iliyotusahihisha, bila msaada wa DNA. Swali la "kinafanya nini?" lilitupoteza; la "kiko wapi, kimetokana na nini?" likaturudisha.

Na kuna tukio jingine la Muricidae ambalo haliniachi. Mwaka 1970, Uingereza, mtafiti Blaber aliripoti majike ya Nucella lapillus yaliyokuwa na kinyama kilichoota kama uume nyuma ya pembe ya kulia. Uume wa konokono ni kiungo ambacho waainishaji wamekitegemea sana, umbo lake na mahali ulipo. Miaka ya 1980 ikadhihirika kwamba chanzo ni tributiltini, kemikali iliyokuwa ndani ya rangi za kuzuia viumbe kuota kwenye matumbo ya meli. Mwili ulikuwa umeota kiungo ambacho hakikurithiwa. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku rangi hizo ulianza kutumika mwaka 2008, baada ya konokono hao kutoweka kwenye baadhi ya pwani.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu unaniuma. Nimezoea kuuona mwili uliopasuliwa kama hati ya urithi. Wakati mwingine ni hati ya majeraha.

Kisu kilipotangulia

Kwa siku kadhaa baada ya hapo nilifikia kuuliza kwa nini tuendelee kupasua. DNA inatoa mti. Kipande cha mguu kinatosha. Kuna hata njia ya kumtoa konokono kwenye kombe bila kulivunja: unamweka kwenye oveni ya maikrowevu sekunde chache, msuli unaomshikilia kwenye nguzo ya kombe unaachia, unamvuta, kombe linabaki zima na DNA inabaki nzuri. Nimeifanya. Ni haraka, na inanipa raha kuliko kusaga kombe kwenye jiliwa.

Kilichonirudisha ni familia mbili za konokono, Mitridae na Costellariidae.

Makombe yao ni pacha. Yamechongoka mbele na nyuma, yana mikunjo kwenye nguzo ya ndani, yana rangi zinazoshindana. Kwa vizazi walikuwa familia moja. Kisha waliowafungua wakaona kwamba Mitridae wana fimbo ya misuli ndani ya mkonga, epiproboski, inayotokeza nje kumshughulikia windo, hasa minyoo ya kundi la sipunkula, na kwamba hawana tezi ya umio iitwayo tezi ya Leiblein, ambayo Costellariidae wanayo. Radula nazo hazikufanana. Wakawatenganisha. Ilikuwa kabla ya mtu yeyote kusoma DNA ya hata mmoja wao.

Mwaka 2015 Alexander Fedosov na wenzake walijenga mti wa DNA wa konokono wote wenye kombe la namna hiyo. Kombe lile lile lilikuwa limezuka zaidi ya mara moja, katika koo zilizo mbali. Mitridae na Costellariidae walikaa mbalimbali, kama kisu kilivyosema.

Kwa nini kisu kilipatia pale na kikapotea kwa Terebridae? Nadhani ni kwa sababu pale kilikuwa na kitu cha kushika. Fimbo ya misuli, yenye mishipa yake na mrija wake wa mate. Kwa Terebridae kilishika hewa.

Nilirudi pia kwenye uainishaji wa Conoidea wa mwaka 2011, ule uliotoa familia 15 na kuirudisha Conidae kwa konokono koni. Sindano, ilionekana wazi, imetokea zaidi ya mara moja: sindano ya keekee na sindano ya koni hazina baba mmoja aliyekuwa na sindano. Ngazi yangu ya ubaoni ikaanguka. Lakini kilichonigusa ni majina ya waandishi. Philippe Bouchet, Yuri Kantor, Alexander Sysoev, Nicolas Puillandre. Wawili kati ya wale watatu wa mwaka 1993 walikuwa mezani wakiibomoa nyumba waliyoijenga kwa mamia ya vioo, na wakiijenga upya kwa mawe yaleyale, maana maelezo ya kila familia mpya bado yalitaja radula na mkonga.

Nimefanya kazi na watu ambao wangechagua kufa kuliko hilo. Naandika sentensi hii kwa heshima kubwa kwa wale wawili.

Umio unaojikata

Baada ya hapo swali langu lilibadilika. Nilikuwa nauliza: je, huyu ni Terebridae? Hilo limejibiwa. Sasa nauliza: tezi ilikwenda wapi?

Louise Page, mwaka 2012, alichapisha jambo ambalo nimelisoma mara nne. Aliwafuga mabuu wa Conus lividus, akawakata vipande vyembamba katika kila hatua ya kukua, akafuatilia tezi ya sumu inavyotokea. Haitokei kama kichipukizi kipya. Inaanza kama upande wa chini wa umio wa kati. Buu anapogeuka kuwa konokono, upande huo wa chini unajibana haraka, unajitenga na njia ya chakula, unakuwa mrija peke yake. Upande wa juu unabaki kuwa umio. Tezi ya sumu ni nusu ya umio iliyojikata. Na hiyo inaiunganisha na tezi za umio wa kati za konokono wengine, wasio na sumu kabisa, jambo ambalo wanaanatomia walikuwa wakibishania kwa miaka.

Nilipomaliza kusoma mara ya nne nilisimama nikazunguka chumba.

Ikiwa tezi ni kipande cha umio, basi kwa Oxymeris yapo mambo mawili yanayowezekana, na hayalingani. Huenda buu wake anajibana kama koni, tezi inatokea, kisha inasinyaa na kufa kabla ya utu uzima. Au huenda hajibani kabisa: upande wa chini haujawahi kuondoka, na ule umio niliouita mtupu usiku ule ni umio mzima, wenye nusu zote mbili.

Kwenye kisahani, kwa mtu mzima, hali hizo mbili zingeweza kufanana kabisa. Nikaziita zote "hakuna".

Na kama matawi mawili ya Terebridae yalipoteza tezi kila moja kivyake, hakuna kinachoyalazimisha kuipoteza kwa njia moja. Huenda moja lilifuata ile ya kwanza na jingine hii ya pili. Basi hata utupu ungekuwa na aina zake, na aina hizo zingebeba habari za ukoo. Nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari langu, kwa herufi kubwa, kwamba kukosa hakusemi kitu. Nimekata mstari juu yake. Kukosa kwa mtu mzima, kukitazamwa kwa jicho moja na koleo moja, ndiko kusikosema kitu.

Chupa ya tatu

Kuna ugumu ambao wasiopasua hawauoni. Mwaka 2002 Bouchet na wenzake walitoa hesabu ya ukusanyaji mkubwa uliofanyika Koumac, New Caledonia: spishi 2,738 za moluska katika eneo dogo tu la bahari, na moja kati ya kila tano ilipatikana kielelezo kimoja tu. Kimoja. Ukikipasua umekimaliza. Usipokipasua huna ila kombe, na kombe tumeshajua lilivyo. Wengi wa Conoidea wako katika hali hiyo, wadogo, wa kina kirefu, wasioonekana mara mbili. Kila mkato ni uamuzi usiorudi, na sijui mpasuaji hata mmoja asiyesita kidogo kabla ya ule wa kwanza. Siku hizi tunaweza kumpiga picha za miale konokono mzima na kuona viungo bila kumgusa, na hilo limeniokolea vielelezo vingi. Lakini kupambanua seli za tezi inayokufa na seli za umio unaoishi, hapo bado nahitaji nta na kisu.

Kwenye rafu ileile kulikuwa na chupa ya tatu, ndogo, ambayo sikuijali usiku ule kwa sababu lebo yake ilisema "wachanga". Wamo watatu. Kombe la mdogo kuliko wote lina urefu wa milimita chache, na kwenye ncha yake bado kuna kombe la ubuu, laini, linalong'aa, halijakwaruzika. Hayuko mbali na siku aliyogeuka.

Lebo ya chupa ya kwanza nimeifuta alama ya kuuliza. Penseli imeacha kivuli kidogo kwenye karatasi, nimekiacha.

Juzi nimemweka yule mdogo kwenye asidi. Kombe limeyeyuka asubuhi hii, utando wake umebaki unaelea kama ngozi ya kitunguu. Kesho spiriti ya kwanza, kisha ya pili, kisha nta. Natarajia vipande kama mia tatu. Umio wa kati unapaswa kuanza karibu na cha mia na ishirini, na kuanzia hapo nitahesabu, kioo kwa kioo, kama njia ni moja au ni mbili.